Mama akitaka kupanda meli peke yake, tumwandae badala ya kumzuia

Hivi karibuni nilipokea ujumbe kutoka kwa msomaji wa safu hii aliyeko Mwanza. Anasema mama yake ana miaka 69, ni mwalimu mstaafu, mjane, na ana presha na kisukari. Dada yao anayeishi Ulaya amemlipia mama safari ya siku saba kwenye meli ya kitalii itakayozunguka Bahari ya Mediterania. Dada mwenyewe hatakwenda kwa sababu ya kazi, na mama amesema hilo halimpi shida, atakwenda peke yake. Ujumbe unamalizia hivi: "Daktari, tafadhali mwandikie mama asiende. Akisikia kwako atatuelewa."

Sitamwandikia hivyo. Sitaandika pia kwamba aende, kwa sababu sijampima. Lakini ombi hili nalisikia mara nyingi kliniki, na limenifanya nione umuhimu wa kulizungumza wazi wiki hii. Watoto wengi wakishindwa kukubaliana na mzazi wao, humtafuta daktari awe rungu lao. Daktari akisema "hapana", mjadala umekwisha.

Najua meli za kitalii si jambo la wengi wetu. Lakini swali ni lile lile kwa bibi anayetaka kuchukua boti ya Dar es Salaam kwenda Unguja kumwona mjukuu, kwa babu anayepanda meli ya usiku kutoka Mwanza kwenda Bukoba kwenye msiba, na kwa mama anayevuka kwenda Pemba. Je, mzee mwenye maradhi ya kudumu anaweza kusafiri majini bila mtu wa kumshika mkono? Jibu langu ni kwamba wengi wanaweza, baadhi hawawezi, na tofauti kati yao haipimwi kwa mwaka wa kuzaliwa.

Umri peke yake si ugonjwa

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa mtu mwenye miaka 60 na kuendelea. Kwa mambo ya haki na huduma, mstari huo unasaidia. Kwa mambo ya mwili, hausemi mengi. Kuna mtu wa miaka 62 anayehema akivuka sebule, na kuna mtu wa miaka 78 anayelima ekari yake na kubeba ndoo ya maji.

Mzee akija kuniuliza kuhusu safari, humuuliza maswali machache. Je, unaweza kupanda ngazi za ghorofa moja bila kusimama kupumzika? Dawa zako unazipanga na kuzimeza mwenyewe, au kuna mtu anayekukumbusha? Umeanguka katika miezi sita iliyopita? Presha au sukari yako imetulia katika miezi mitatu iliyopita, au dawa zinabadilishwa kila ukija? Ukiugua mbele ya mtu usiyemjua, unaweza kumweleza una ugonjwa gani na unatumia dawa gani?

Mwenye majibu mazuri katika maswali hayo, mara nyingi namwambia ajiandae aende. Lakini wapo ambao huwaambia wazi kwamba wasisafiri peke yao. Hawa ni wale waliopata kiharusi, shambulio la moyo au upasuaji mkubwa wiki chache zilizopita. Wanaopata maumivu ya kifua wakitembea kidogo tu. Wanaoshindwa kupumua wakilala chali. Wanaohitaji oksijeni au kusafishwa damu kwa mashine. Wanaopata degedege lisilodhibitiwa. Wanaoanguka mara kwa mara. Wale ambao sukari huwashuka bila wao kuhisi dalili. Na wale walioanza kupotea kwenye njia wanazozijua au kumeza dawa mara mbili kwa kusahau.

Hata kwa kundi hili, "usiende peke yako" si sawa na "usiende". Wengine wanahitaji tu mjukuu wa kidato cha sita aliye likizo, au kusogeza safari mbele kwa miezi miwili.

Kuzuia nako kuna madhara

Watoto wanaomzuia mzazi hudhani wamechagua upande usio na hatari. Mimi sioni hivyo. Mjane anayebaki ndani, anayekatazwa kwenda sokoni kwa sababu ya bodaboda, kanisani au msikitini kwa sababu ya jua, na sasa safari kwa sababu ya meli, hupungua kidogo kidogo. Misuli inayotumika haba huisha haraka uzeeni. Hamu ya kula inapotea, usingizi unaharibika, na dawa zinaanza kurukwa kwa kuwa haoni anazimezea nini. Upweke si suala la hisia tu: Novemba 2023 Shirika la Afya Duniani liliunda tume maalumu ya kushughulikia mahusiano ya watu katika jamii, likieleza upweke kuwa tishio kwa afya.

Kuna jambo la pili. Mzee aliyezuiwa si lazima abaki. Wengine huondoka kimyakimya. Hawaji kliniki kabla ya safari kwa kuogopa daktari atawaambia watoto, hawabebi barua, na hawaagi. Huyo ndiye mgonjwa ninayemhofia zaidi, kuliko yule aliyesema wazi kwamba anakwenda na kuomba ushauri.

Na kuna la tatu, ambalo vijana wangu mnisamehe nikilisema. Mtu mzima mwenye akili timamu ndiye mwenye uamuzi juu ya mwili wake. Ninachozungumza naye chumbani ni chake. Mtoto anaweza kumsindikiza mzazi, anaweza kuuliza mbele yake, lakini hawezi kuniagiza niseme nini. Tuliwaambia wazazi wetu tunakwenda masomoni nchi za mbali nao wakatubariki huku mioyo ikiwadunda. Wanastahili tuwarudishie kidogo imani ile.

Melini hospitali iko mbali

Pamoja na hayo, sipendi mtu aende akidhani meli ni hoteli inayoelea. Meli kubwa za kitalii huwa na zahanati yenye daktari na wauguzi. Wanaweza kupima moyo, kutoa oksijeni, kutundika dripu na kufanya vipimo kadhaa vya damu. Wanachoweza ni kumtuliza mgonjwa hadi nchi kavu. Upasuaji mkubwa haufanyiki pale, na kwa kawaida hakuna mashine ya kusafisha damu. Huduma hulipiwa, na kadi ya bima unayotumia hospitali ya hapa nyumbani usitegemee itakubaliwa.

Kwa anayesafiri peke yake, jambo gumu zaidi ni kushushwa njiani. Mgonjwa aliyezidiwa hushushwa kwenye bandari iliyo karibu, katika nchi ambayo pengine hajui lugha yake, na meli huendelea na safari. Machi 2024, kwenye kisiwa cha São Tomé, abiria mmoja mzee aliyekuwa akisafiri peke yake aliachwa nchi kavu baada ya kuugua. Waliomsaidia kuwasiliana na familia yake na kurudi kwao walikuwa abiria wenzake, nao wakiwa wameachwa na meli hiyo hiyo baada ya kuchelewa kurudi kutoka matembezini. Alikuwa na bahati. Safari haipangwi kwa kutegemea bahati.

Kwa hiyo bima ya safari ni ya lazima, na isomwe kabla ya kulipiwa. Anayeomba viza ya nchi za Schengen hutakiwa kuwa na bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000, na wengi hununua ile ya bei ya chini ili tu wapate viza. Uliza mambo matatu: inalipia ugonjwa niliokuwa nao kabla ya safari? Inalipia nikiugua nikiwa baharini? Inalipia kunisafirisha hadi hospitali kubwa au kunirudisha nyumbani? Ukificha kwenye fomu kwamba una kisukari, siku ya kudai hutapata kitu.

Maambukizi nayo husambaa upesi melini kwa sababu watu wengi wanakula, kucheza na kulala sehemu moja. Dunia iliona Februari 2020, wakati meli ya Diamond Princess ilipowekwa karantini Yokohama, Japani. Ndani walikuwamo watu 3,711, na zaidi ya 700 waliambukizwa virusi vya korona. Siku za kawaida, kinachosumbua zaidi ni kuhara na kutapika kunakosababishwa na virusi vya noro. Vitakasa mikono vya spiriti haviviui vizuri. Nawa kwa sabuni na maji yanayotiririka kabla ya kula na baada ya kutoka msalani, hata kama kuna chupa ya kitakasa mlangoni.

Tahadhari na dawa ya kichefuchefu

Jambo hili linawahusu wote, wa boti na wa meli. Mtu akiogopa mawimbi, huingia duka la dawa na kuomba "kidonge cha kutapika". Hupewa promethazini, sinarizini au nyingine za jamii hiyo bila kuulizwa umri. Kwa kijana, dawa hizi huleta usingizi tu. Kwa mzee zinaweza kuleta kizunguzungu, kuchanganyikiwa hadi asijue yuko wapi, na kuanguka akiamka kwenda msalani. Kwa baba mwenye tezi dume iliyovimba, promethazini na dawa ya hayosini, ile inayobandikwa nyuma ya sikio, zinaweza kuziba mkojo kabisa. Kwa mwenye aina fulani za presha ya macho, zinaweza kupandisha shinikizo la jicho ghafla.

Simaanishi zisitumike kamwe. Mwambie daktari au mfamasia umri wako, maradhi yako na dawa zote unazotumia, pamoja na za mafua na za usingizi. Na usijaribu dawa mpya kwa mara ya kwanza ukiwa melini. Ijaribu siku moja ukiwa nyumbani, ukiwa na mtu.

Kabla ya dawa kuna njia za kawaida. Kaa katikati ya chombo, ghorofa ya chini, ambako mtikisiko ni mdogo. Tazama mbali pale bahari inapokutana na mbingu, usiiname kwenye simu. Kula kidogo kabla ya kupanda. Tumbo tupu na tumbo lililojaa yote husumbua. Tangawizi huwasaidia baadhi ya watu. Na kama safari haina haraka, chagua majira. Wenyeji wa pwani wanajua kwamba kusi ikishika, hasa Juni na Julai, bahari huchafuka, na kwamba siku za matlai huwa tulivu.

Usiruke vidonge vya mkojo, usiache maji

Wazee wengi wenye presha au moyo uliochoka hutumia vidonge vinavyowafanya wakojoe sana. Siku ya safari huviacha, kwa kuogopa foleni ya choo. Wengine huacha na kunywa maji. Wakifika, miguu imevimba, kifua kimejaa, au wameishiwa maji na wanaona kiza wakisimama. Zungumza na daktari wako kabla: mara nyingi kidonge kinaweza kusogezwa hadi utakapofika, badala ya kurukwa. Kuhusu maji, kumbuka kwamba hisia ya kiu hupungua kadiri umri unavyokwenda. Kunywa kidogo kidogo bila kungoja kiu, isipokuwa kama daktari amekuwekea kiwango.

Mwenye kisukari aulize swali moja muhimu kabla ya kuondoka: siku nikitapika au nikishindwa kula, dawa ipi niendelee nayo na ipi nisimamishe? Baadhi ya vidonge huendelea kushusha sukari hata kama tumbo ni tupu. Insulini nayo haiachwi kiholela. Weka mkononi juisi, glukosi au peremende kwa ajili ya sukari iliyoshuka chini ya 4, pakiti za ORS, na mashine yako ya kupimia. Insulini ibebwe kwenye begi la mkononi, kamwe si kwenye mzigo unaoingia tumboni mwa ndege, kwa kuwa ikiganda kwa baridi haifai tena. Dawa zako zote ziwe za siku za safari na wiki moja ya ziada, kwenye vifungashio vyake vyenye majina.

Safari ikizidi saa nne umekaa, iwe kwenye basi la kwenda bandarini, ndege au meli, hatari ya damu kuganda miguuni huongezeka. Simama utembee kila baada ya muda. Ukiwa umekaa, chezesha vifundo vya miguu juu na chini. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au ukipata maumivu ya kifua na kukosa pumzi ghafla, usisubiri kufika nyumbani.

Suala la chanjo linahitaji muda. Nchi kadhaa hudai cheti cha homa ya manjano kwa anayetoka kwetu. Chanjo hii hupatikana sana kwa wasafiri, lakini kwa mtu wa miaka 60 na zaidi anayechanjwa kwa mara ya kwanza, madhara makubwa, ingawa ni nadra, hutokea zaidi kuliko kwa vijana. Mweleze mchanjaji umri na maradhi yako. Kuna wanaostahili kuandikiwa cheti cha kusamehewa. Chanjo itolewe angalau siku 10 kabla ya safari. Kama ulichanjwa zamani, usirudie: tangu Julai 2016 cheti hicho ni cha maisha yote, hata kama kimeandikwa miaka 10. Kwa sababu hizi zote, njoo kliniki wiki sita kabla. Anayekuja jioni ya kuamkia safari hutunyima nafasi ya kumsaidia.

Kazi ya watoto

Badala ya kugombana na mzazi, mfanyieni mambo haya. Mwandikieni karatasi moja, nakala mbili, yenye majina ya maradhi yake, dawa na vipimo vyake, mzio, kundi la damu kama linajulikana, na namba za ndugu wawili. Mwombeni daktari wake aisaini, na kama safari ni ya nje, iwe na Kiingereza pia. Nakala moja iwe mkobani, nyingine mfukoni. Mmoja wenu abaki na nakala ya pasi, bima na tiketi, na awe ndiye msemaji wa familia likitokea jambo.

Mwombeni nafasi ya chumba kilicho karibu na lifti. Mnunulieni viatu vyenye soli isiyoteleza, maana ngazi za meli, vizingiti vya milango na sakafu ya bafu huangusha wengi, na nyonga ikivunjika uzeeni maisha hubadilika. Mfundisheni kupokea simu ya video kabla hajaondoka. Kisha kubalianeni saa moja ya kuzungumza kila siku. Kumpigia kila baada ya saa moja ni kumwambia humwamini.

Nawe mzazi una sehemu yako. Usifiche dalili ili uruhusiwe. Kama kifua kimekuwa kikibana usiku, sema sasa. Ukipanda, mwambie mhudumu na jirani yako wa meza kwamba uko peke yako na una maradhi fulani. Haya hiyo imewagharimu watu.

Wenye vyombo nao wawajibike

Haitoshi kumtaka mzee ajiandae ikiwa chombo chenyewe hakijamwandalia nafasi. Nchi hii imezika watu wengi kutokana na ajali za majini: MV Bukoba mwaka 1996, MV Spice Islander 2011, MV Skagit 2012, MV Nyerere 2018. Katika kukanyagana, mzee asiyeweza kukimbia ndiye wa kwanza kuachwa. Kwa hiyo idadi ya abiria ni suala la afya, na mzee akiona chombo kimejaa kupita kiasi, ashuke. Nauli itapatikana tena.

Nawaomba wenye boti na meli mambo yasiyo na gharama kubwa: wazee wapandishwe kwanza bila kusukumwa, ngazi ya kupandia iwe na vishikio pande zote, viti vya katikati chini viwe vyao, choo kiwe na pa kushika, na mhudumu aonyeshe jinsi ya kuvaa koti la kujiokolea badala ya kutangaza kwenye kipaza sauti kisichosikika. Mzee asafiripo peke yake, ulizeni. Swali moja la "mama, una mtu?" linatosha kuwafanya mjue nani wa kumtazama bahari ikichafuka.

Kwa msomaji wangu wa Mwanza: mpeleke mama kwa daktari wake, ukae pembeni, umwache aulize mwenyewe. Apimwe presha, sukari, figo na moyo, na miguu na macho yake yakaguliwe. Kama majibu ni mazuri, mnunulieni bima iliyo kamili na viatu vizuri. Kama si mazuri, mwambieni ukweli, kisha mtafutieni wa kwenda naye au tarehe nyingine.